Barabara za Ulaya Nilizomchorea Bwana Yangu

Mpaka leo sijatubu. Kama kuna msomaji anayetafuta hapa machozi ya mwanamke aliyesamehe, afunge kitabu akapike. Bwana yangu alinifanyia ubaya, nami nikamrudishia, na usingizi wangu ni mzito kama wa mtoto aliyeshiba.

Wakati ule nchi yetu ikiitwa Zaire, nilikuwa mwalimu wa jografia katika shule ya wasichana hapa Kindu. Miaka kumi na minane nilikuwa nimewachorea watoto wa watu mto Rhine na milima ya Alpi ubaoni, mimi ambaye theluji niliijua kwa barafu ya friji ya mapadri tu. Bwana yangu alikuwa fundi mkubwa wa injini kwenye karakana ya reli. Siku moja saa sita ya mchana akaingia nyumbani, abakosi, ile suti yetu isiyo na tai, imelowa jasho mgongoni, akasimama katikati ya sebule kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano wa Chama.

"Mama, wamenichagua! Miezi mitatu ya mafunzo kule Ubelgiji. Nyuma yake wananipa konje, mapumziko ya mwezi muzima. Utanifuata. Rafiki yangu wa kule iko na gari, atatuazima. Tutazunguka Ulaya, wewe na mimi."

Nililia. Ndiyo, mimi, nililia kwa furaha mbele ya mwanaume, na aibu ya machozi yale ndiyo iliyonichoma zaidi baadaye.

Kila Jumapili baada ya kula tuliondoa sahani mezani na kufungua atlasi ya shule. Nilikuwa nalaza uzi mwekundu juu ya barabara, kona kwa kona, kisha naunyoosha kwenye rula na kuandika kilomita katika daftari. Ubelgiji, Luksemburg, Ujerumani, Uswisi, Italia, halafu kurudi kwa njia ya Ufaransa. Yeye ramani hakuijua hata kidogo. Injini angeifungua na kuifunga macho yamefumba, lakini ukimpa karta anaishika kichwa chini miguu juu. Safari aliyoijua ni ile ya Punia, njia ya matope msituni, basi akaleta orodha ya Punia: sururu, panga, kamba ya kuvutia gari, mbao mbili za kutandika pale daraja limeoza, na mfuko wa unga wa mihogo.

"Toka Bruseli mpaka Luksemburg, andika siku tatu," akaniambia.

"Baba, ni nusu siku. Njia yote ni lami."

"Yote? Na mvua ikinyesha?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nasema ukweli: tulikuwa na furaha.

Lakini jambo lililomsumbua kuliko mbao na panga lilikuwa kashe, ule muhuri wa serikali. Miaka ile hakuna aliyetembea Zaire ovyoovyo. Ukifika Punia au Lubutu, hata vumbi hujajipangusa, unakwenda kwanza kwa komiseri wa zone, mkuu wa wilaya, na karatasi yako ya safari. Wanakupigia kashe kwamba umefika, na siku ya kuondoka wanakupigia nyingine. Asiyejionyesha ni mpelelezi au mwizi. Bwana yangu aliwahi kulazwa siku mbili sakafuni kwenye baraza ya zone kwa sababu alikula kwanza ndipo akaenda kujionyesha. Tangu hapo alikuwa hawezi kumeza hata maji katika mji mgeni kabla ya kugongewa.

"Na kule Ulaya kashe wanapiga wapi?" akauliza.

"Kule hakuna mambo hayo. Kinachotakiwa ni visa ya kila nchi, nayo inaombwa kabla ya safari."

Visa ya Ubelgiji, inayofaa Luksemburg pia, ilishughulikiwa na kazi yake. Kwa Ujerumani, Uswisi, Italia na Ufaransa niliandika mimi, barua nne za Kifaransa kizuri kwa balozi nne za Kinshasa. Zilikaa ndani ya daftari, zikingoja tu namba ya paspoti yangu.

Wiki moja baadaye nilikuwa napita sokoni, kijana wa mpiga foto akanipungia mkono mlangoni pa studio.

"Madame mwalimu! Foto za paspoti za bibi ya shefu ziko tayari tangu juzi!"

Nilishangaa, maana nilikuwa sijapigwa foto yoyote. Akanipa bahasha, juu yake limeandikwa jina la bwana yangu tu. Ndani, foto nne za msichana mmoja, nywele zimesukwa wima, anatazama mbele kama anayeidai dunia. Nilimjua. Alikuwa akiuza vitenge karibu na stesheni, na kabla ya hapo nilimfundisha mimi mwenyewe. Hakuwahi kujua Italia iko upande gani! Mji mzima, kumbe, ulijua kwamba yeye ndiye deziemu biro ya bwana yangu, yule mke wa pembeni ambaye wakubwa wa enzi zile walijivunia kama saa ya mkononi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nalaza uzi kwenye ramani.

"Mpe shefu mwenyewe," nikamwambia yule kijana. "Usimwambie nimeziona. Anapenda kunishangaza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, jua la Kindu likinichapa kichwani. Angeniacha, ningeelewa. Wanaume wanaacha. Lakini kuniketisha mezani Jumapili saba, nimpangie kwa mkono wangu safari ya kumtembeza huyo? Aka! Hapo alinifanya mjinga, na mjinga si mimi.

Sikupiga kelele. Niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa zile barua nne, nikabandika maharagwe. Yalipokuwa yanachemka, nikafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika kwa mwandiko wangu bora wa darasani: *Katika kila nchi, kabla ya kula, kabla ya kutafuta chumba, kwenda polisi ya mji wa kwanza, kuonyesha paspoti zote mbili na kuomba kashe ya kufika.* Nikapiga mstari chini mara mbili.

Jioni nikamwambia nimeulizia vizuri: mwenye visa ya Ubelgiji hana haja ya nyingine, wanamgongea kashe palepale anapofika. Uso wake uling'aa.

"Unaona? Nilikuambia! Serikali njo serikali, hata ya wazungu."

Uwanjani pa ndege alinikumbatia mbele ya wenzake wa reli. "Utanifuata, mama." Nikamfutia jasho shingoni, nikamwambia, "Nenda salama, baba. Daftari usilipoteze."

Mwezi wa tatu wa mafunzo ikaja barua yake: visa yangu imekataliwa, anasikitika sana, nisihuzunike. Visa ambayo hakuna aliyeiomba! Juma hilohilo yule msichana alifunga meza yake ya vitenge, akaaga kwamba anakwenda kwa dada yake Kinshasa. Nikaanza kwenda misa ya asubuhi kila siku. Nilisali kwa bidii, na sikuwaombea mema.

Alirudi amekonda, kola imemlegea shingoni. Nilimwandalia bukari, ugali wetu wa mihogo, sombe ya majani yake na samaki wa mto Lwalaba, nikaketi mbele yake, nikamwacha aseme.

"Mimi na mwenzangu mumoja wa mafunzo," akaanza, macho kwenye sahani. "Luksemburg tulienda polisi. Wakacheka, lakini kashe wakapiga, na kahawa wakatupa. Nikasema, mama anajua. Tukavuka daraja la mto, tukaingia Ujerumani. Muntu wa mupaka akatupungia mukono, tupite. Tungepita, mama! Hakutuuliza kitu! Lakini mimi ni muntu wa adabu. Tukatafuta polisi wenyewe, nikaweka paspoti mbili juu ya meza, nikaomba kashe."

"Hiyo ilikuwa siku ya ngapi?"

"Ya pili."

Ya pili, kati ya siku thelathini. Nikabana midomo nisicheke. Wakaketishwa kwenye benchi mpaka jioni, simu zikapigwa huku na kule, mwenye gari akaja kulichukua gari lake akiwa amefura. Kashe aliipata: nyekundu, imelala ukurasa mzima, kwamba ameingia bila ruhusa na amefukuzwa. Wakarudishwa Bruseli, kwenye chumba kimoja chini ya paa, mvua nje. Baada ya siku tisa yule mwenzake akamwacha, akaenda na Mkongomani mwingine aliyekuwa na gari lake mwenyewe. Na huku nyumbani wakubwa wa kazi walipoiona ile kashe wakamnyang'anya paspoti, wakasema asiandikwe tena kwa safari yoyote.

"Ungekuwa pamoja nami, mama, ungewaelezea wale batu," akasema. "Wewe njo mwenye kujua."

Alisema hivyo! Mbele ya chakula changu!

"Kule hawapigi kashe, baba," nikamwambia polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi imla. "Visa ndiyo ilitakiwa. Barua zake nilizichoma siku niliyoona foto za huyo mwenzako kwa mpiga foto."

Tonge likabaki hewani. Nikamsogezea sombe, nikamwambia ale isije ikapoa, na akala, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda kula.

Watu wawili watatu niliowahi kuwasimulia waliniambia nilimwadhibu kupita kiasi. Yeye angalau alivuka mto mmoja wa Ulaya akiwa ameshika usukani. Mimi nimestaafu bila kuvuka wowote, na nikilifikiri hilo, hata ile kashe nyekundu naiona ni adhabu ndogo.