Mfuko wa Mwisho wa Kaka

Wifi yangu, mjane wa kaka, kazi yake ni kupaka sahani za shaba utando mwembamba wa plastiki. Ukiitumbukiza sahani majini ukapitisha umeme, hewa ukaa inayopulizwa humo inageuka spiriti ya kuwashia jiko. Shaba tupu, anasema, inafanya kazi ovyo. Utando ndio unaoituliza. Ana mikono tulivu, maneno machache na kichwa kigumu. Nampenda, lakini jamani, mwanamke huyo!

Mwaka jana mtungi wa hewa ukaa ulichelewa kuletwa, akamwomba kaka apulize mifuko. Pumzi ya mtu ina hewa hiyo kidogo, ya kujaribia inatosha. Kaka alikuwa keshaugua kifua. Alipuliza pumzi mbili fupi, moja ndefu, akatania kwamba hatimaye mkewe amepata matumizi ya domo lake. Tulicheka sana. Mwezi haukuisha, tukamzika. Ulibaki mfuko mmoja, na wifi akakataa katakata usiguswe.

Jumatatu iliyopita akauunganisha mwenyewe na chombo chenye maji na sahani yake. Jumatano bosi wake akanipigia simu nikamchukue, maana hajatoka maabara wala hajala. Nikaenda mchana na chakula, nimefura, maneno tele mdomoni.

Nikasukuma mlango. Wifi alikuwa ameketi mbele ya chombo cha kioo, midomo imebadilika rangi. Mfuko ulikuwa umenywea kama soksi. Mtungi umefungwa, niliukaza kwa mkono wangu. Lakini kwenye sahani vipovu vilipanda kwa mafungu: mawili mafupi, moja refu. Kisha kimya. Kifua cha wifi nacho kikatulia. Vikapanda tena, naye akahema: fupi, fupi, ndefu. Kila kimya kilizidi kilichotangulia, kama siku zile za mwisho za kaka.

Nikashika swichi ya umeme, mkono ukagoma. Nikizima, nani anakufa? Kaka nilishamlilia mara moja, ya pili sina nguvu nayo. Lakini wifi alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Nikainamia kioo.

"Kaka," nikasema, "mwache mkeo apumue."

Vipovu vikakoma. Swichi sikuwa nimeizima. Taa yake ilikuwa bado inawaka. Wifi akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akanigeukia.

"Umemfukuza," akasema.

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Nimehamia kwake, chumba cha pili, na akijilaza nasimama mlangoni kumsikiliza. Anahema vizuri. Nami, Mungu anisamehe, bado nategea sikio zile mbili fupi.