Majani Mabichi ya Kigwa

Mdogo wangu Nyamizi alinipigia simu Dodoma akaniambia anatapika tangu waanze kuchuma tumbaku. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na ya kwanza iliharibika. Kwa jinsi alivyokuwa akihema, moyo wangu ulilipuka. Nikafunga duka, nikaenda stesheni kupanda treni ya Tabora, nimfuate kwake Kigwa.

Baada ya Manyoni likaja pori ambalo wapagazi wa misafara ya zamani waliliita Mgunda Mkali, kwa jinsi lilivyowamaliza. Mimi nilikaa dirishani na chai yangu, simba sikumwona, lakini niliogopa kuliko wao. Kila mtandao ulipokatika niliwaza habari mbaya imekwama huko.

Kigwa tulifika asubuhi, mvua ikinyunya. Shemeji yangu Maganga alinipitisha kwenye kibao kipya chenye bendera ya nchi ya ng'ambo. Serikali ya huko imewagawia miche, ikawajengea na mabani, vile vijumba vya matofali vya kukaushia majani kwa moto.

"Zamani tulibahatisha tu, shemeji," alisema. "Sasa tunakausha kitaalamu."

Shambani nilimkuta Nyamizi amechutama, anatetemeka, midomo imempauka. Huko majani huchumwa kwa mikono mitupu na kukumbatiwa kifuani mpaka banini. Gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mkwewe.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, ni mimba hiyo. Maganga alinitapisha mpaka namzaa."

"Anatapika kila siku?"

"Jumapili sitapiki," Nyamizi alijibu mwenyewe. "Jumapili hatuchumi."

Nikampeleka zahanati. Muuguzi aliinusa mikono ya Nyamizi akakunja uso. "Tumbaku mbichi ikilowa, sumu yake hupenya kwenye ngozi. Asirudi shambani, dada. Utawakosa wote wawili." Nyuma yake palikuwa na bango la kukataza sigara, lenye bendera ileile ya kwenye kibao. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nyumbani niliwaeleza yote. Maganga alishika kichwa. "Majani yakipitiliza yanaharibika, shemeji. Nani atachuma?"

"Mimi nipo," alisema mama yake. "Sumu hiyo ni ya wenye mimba. Mimi nitamzaa nani tena?"

Nilipaswa kumbishia. Nilikuwa na haraka ya kumwondoa ndugu yangu, nikaenda kumfungia nguo zake.

Hospitalini Tabora mjini walimpima, wakatusikilizisha moyo wa mtoto. Ulikuwa unadunda. Nililia mbele za watu bila haya. Kesho yake tukapanda treni ya kurudi, na porini nikalala usingizi kabisa.

Dodoma nilijiona nimeokoa watu, mpaka Maganga alipopiga simu.

"Msihangaike, shemeji, bani limejaa. Mama anachuma vizuri."

"Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo. Ila tangu juzi anatapika."