Aliyekaa Mlangoni

Nilipohamishiwa Karatu kufundisha Kiswahili, sikujua kwamba mji huu una wapenzi wa roki. Nilikuwa nikisikia kwaya siku ya Jumapili na bongofleva siku zilizobaki. Aliyenifungua masikio ni jirani yangu, mwenye duka la spea za magari, Mwislamu wa makamo ambaye baba yake alikuja hapa kufanya biashara na hakuondoka tena. Asubuhi alifungulia Kurani kwa sauti ya chini. Alasiri, magari ya watalii yakishapita kwenda Ngorongoro na wateja wakipungua, aliweka muziki wa magitaa.

Nje ya duka lake palikuwa na kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu. Nikitoka shule nilikaa hapo, sweta mwilini, kikombe cha chai mkononi. Ndipo nilipomfahamu dereva mmoja wa watalii, mzaliwa wa Rhotia, kijiji cha jirani, mtu wa maneno mengi. Siku asipokuwa na wageni alishinda kwenye kiti hicho. Wageni walikuwa wakimwachia nyimbo kwenye flashi, kwa hiyo katika mambo ya roki alijiona ndiye mkubwa wetu.

Mwaka juzi bendi ya vijana wa hapa hapa Karatu, waliojifunza gitaa kanisani, ilitoa wimbo wa roki kwa Kiswahili. Ulisambaa kwenye simu za watu kwa wiki moja. Ulianza polepole, gitaa moja tu, kisha drams zikaingia kama mawe yanayoporomokea bati. Katikati ya kelele hizo mwimbaji alirudia maneno machache:

Umerudi kabla ya jogoo,
umekaa mlangoni,
umelowesha kizingiti

kisha likaja neno moja la kumalizia, ambalo naliacha kwanza kwa sababu ndilo lililotugombanisha.

Nani amerudi? Dereva hakuwa na shaka.

"Ni ukungu huo!" alisema. "Yule kijana amelelewa kule juu, karibu na msitu wa kreta ya Ngorongoro. Mwezi wa saba unaamka unakuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni, kizingiti chote maji. Umerudi, umekaa, umelowesha. Sasa hapo mnatafuta nini?"

"Mtu halalamikii ukungu," mwenye duka alisema taratibu. "Huyu anamsemesha mtu. Na ni mtu aliyekufa."

"Amesema wapi kwamba kafa?"

"Sikiliza gitaa."

Wakanigeukia mimi, mwalimu. Kusema kweli nilifurahi. Darasani nawafundisha watoto kutafuta dhamira na ujumbe katika mashairi ambayo hawakuyachagua, na hapa palikuwa na watu wazima wanaotafuta maana bila kusubiri mtihani. Nikawaeleza kwamba Kiswahili kimetutega. Ninayeongea naye nitamwambia "umerudi", na ukungu nao "umerudi", sawa na umeme, moto na mlima. Lakini kwenye kukanusha njia zinaachana. Mtu nitamwambia "hukuniamsha." Ukungu nitasema "haukuniamsha."

"Kwa hiyo jibu liko kwenye neno la mwisho," nikasema.

Nilivaa hedifoni za dereva nikafumba macho. Gitaa lilikuwa limelifunika neno lile mwanzoni, lakini niliporudia mara kadhaa nilisikia "hau" bila wasiwasi. Haukuniamsha. Dereva alisimama akanipa mkono kama tumeshinda kesi. Mwenye duka alivaa hedifoni akasikiliza, akazivua.

"Mimi nasikia 'hukuniamsha'," alisema.

Ubishi ukawa wa mji. Mama mmoja wa kwaya aliyekuja kununua oili ya pikipiki ya mumewe alituambia kwamba ni Roho Mtakatifu, na kwamba tungekuwa tunasali tungelijua hilo mapema. Mpishi wa hoteli moja ya wageni alisema huyo ni mume anayerudi kutoka kilabuni. "Na kizingiti kakilowesha kwa lipi, msiniulize," aliongeza, na tulicheka mpaka mteja wa plagi akasahau alichofuata.

Alasiri moja dereva alikuwa Serengeti na wageni, tukabaki wawili. Wimbo ulikuwa ukipigwa kwa sauti ya chini. Nilimuuliza mwenye duka, kwa utani tu, ushahidi wake wa maiti uko wapi. Hakujibu kwa utani. Alipangusa kaunta ambayo ilikuwa safi tayari.

"Mwalimu, mke wangu alilazwa kabla wewe hujaja huku," alisema. "Nilikaa naye kwenye kiti pembeni ya kitanda. Nikasinzia. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaondoka. Hakuniamsha. Miaka yote hii najiuliza kwa nini hakuniamsha."

Nilimpa pole.

"Ukifika pale mimi siwezi kusikia 'hau'," akasema. "Nimejaribu."

Tangu siku hiyo niliazimia kutoitaja tena sarufi pale dukani. Dereva aliporudi alidhani nimemsaliti, na sikumweleza kwa nini.

Muda si mrefu mwimbaji akatujia mwenyewe kwa miguu yake. Alikuja kutafuta fyuzi ya amplifaya, kijana mrefu, mwenye aibu, hata huwezi kuamini sauti ile inatoka kwake. Alisema, "Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu," na kabla hatujamaliza kuitikia dereva alikuwa ameshamkalisha.

"Kaka, tusaidie. Nani amekaa mlangoni? Sema ni ukungu."

Kijana alitutazama mmoja mmoja. "Ni mama yangu," alisema.

Mwenye duka aliacha kutafuta fyuzi.

Akatueleza kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikwenda Mang'ola kufanya kazi kwenye mashamba ya vitunguu, akamwacha kwa bibi, ambaye hakuwa akisikia vizuri. Mama alikaa huko msimu mzima. Siku moja kijana aliamka akamkuta mlangoni, kizingiti kimelowa. Aliamini kwamba mama alikuwa amekaa pale akilia, kwa kumwonea mwanawe huruma asimwamshe.

"Yuko hai?" mwenye duka aliuliza.

"Yuko hai mzee, tena ana nguvu kunishinda. Sasa ana shamba lake kule kule."

Nilishindwa kujizuia. "Lakini unaimba 'haukuniamsha'. Mama yako ungemwambia 'hukuniamsha'."

Alijaribu kuimba kwa sauti ya chini, akatoa "hu", akarudia, akatoa "hau". Akacheka. "Mwalimu, sisi nyumbani tunachanganya tu. Kwanza tunaanza kwa Kiiraqw, Kiswahili kinafuata nyuma."

Ungedhani mambo yameisha. Dereva alimsubiri kijana avuke barabara, kisha akasema mtunzi naye anaweza asijue alichotunga, ukungu ulikuwa umemwingia bila yeye kujua.

Likizo ilipofika, dereva alikuwa anashuka Mang'ola kumtembelea shemeji yake, nikaomba lifti ninunue vitunguu. Ukitoka Karatu na sweta, kule bondeni unalivua kabla ya kufika. Kijana alikuwa amenielekeza kwa mama yake, kando ya mfereji mkubwa, na tulimkuta ameketi juu ya gunia tupu akichagua vitunguu, vikubwa huku, vidogo huku. Tulisalimiana, nikamwambia sisi ni wapenzi wa wimbo wa mwanawe.

"Ule wa makelele," alisema.

"Ule wa mlangoni, mama. Ulivyorudi ukakaa bila kumwamsha."

Aliacha kuchagua. "Nani hakumwamsha? Niligonga! Niligonga mpaka mkono ukauma. Bibi hasikii, na huyo akilala ni gogo. Nikaita jina lake, nikazunguka dirishani nikaita tena. Majirani wakaamka, yeye hakuamka."

"Ukakaa mlangoni ukilia?"

"Nikakaa kwa muda gani? Niliona ndoo iko nje, nikaenda kuchota maji. Mtu umetoka safari utakaa tu unaangalia mlango? Niliporudi nikayamwaga kidogo pale kizingitini. Ndiyo hayo maji." Akatikisa kichwa. "Nimemwambia abadilishe, anasema itaharibu wimbo."

Dereva hakukata tamaa. "Mama, na ukungu je, ulikuwepo?"

"Kwa nini usiwepo? Kwetu kule mwezi wa saba ukungu haukosi."

Dereva alinunua magunia mawili kwa furaha.

Jioni niliporudi nilimpelekea mwenye duka fungu la vitunguu na habari yote. Alicheka sana niliposimulia ya ndoo. Kisha akashika kitunguu kimoja, akakigeuza.

"Kumbe aligonga," alisema.

"Aligonga, na aliita."

"Labda na mimi niliitwa," akasema.

Sikujua kama neno hilo linamuumiza au linampumzisha, na sikuuliza. Aliviweka vitunguu chini ya kaunta, akamhudumia mteja aliyetaka balbu ya taa ya mbele.

Baadaye mwaka huo bendi ilipiga kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi alasiri. Mama wa mwimbaji alipanda lori la vitunguu kutoka bondeni, akafika amejifunga kanga mpya, akatafuta mahali mbali na spika. Mwenye duka, ambaye sikuwahi kumwona akifunga mapema isipokuwa Ijumaa, alifunga akaja nasi. Wimbo ulipoanza watu waliimba kila mmoja na neno lake la mwisho. Yeye hakuimba. Alisimama mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza injini apate kujua ina tatizo gani. Ulipokwisha alipiga makofi, na akaenda kumsalimia yule mama. Sikusikia walichozungumza, ila niliona mama akionyesha kwa ngumi jinsi alivyogonga.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mwenye duka, dereva akiwa amebaki kubishana na wengine. Njiani akaanza kunisimulia habari za mke wake, na mara hii hospitali haikuwemo. Alisema mkewe alipenda taarabu, na magitaa hayakumwingia kabisa. Alikuwa akitoka nyuma ya nyumba, unga wa chapati mikononi, kuja dukani kumwambia mbele ya wateja, "Baba, punguza hilo bati lako, watu wanadhani tunabomoa."

"Ulipunguza?" niliuliza.

"Nilipunguza. Akishaingia ndani naongeza."

Alicheka peke yake hadi tulipofika kwake, akaniaga, akaingia kuwahi swala ya magharibi.