Sauti ya Upande wa Dirisha

Shangazi yangu ni dobi, na ukimwona nyuma ya meza yake ya pasi hutadhani kama amewahi kuimba kwenye santuri. Baba yangu, mdogo wake anayemfuata, hakudhani hivyo maisha yake yote. Kila familia ikikutana lazima aanze: "Dada, tuimbie basi, au mpaka tukupangie ukumbi?" Watu wanavunjika mbavu. Shangazi hutabasamu, hunyoosha kola iliyo mbele yake, na kusema, "Niliimba. Simbembelezi mtu aniamini."

Mimi nilimwamini, na nina sababu. Kaa dukani kwake asubuhi moja utaniambia. Anapiga pasi kimya, kimya, halafu ghafla anatoa mstari mmoja mfupi, wa juu, kisha ananyamaza tena. Wateja wapya hudhani anawaita. Nilikuwa bado msichana wa shule nilipong'amua kwamba ule ukimya ni wa mwimbaji mkuu. Anamwachia nafasi aimbe, huko kichwani, ndipo yeye aitikie. Sasa niambie, mtu wa kutia chumvi angejipa uitikiaji? Angejipa wimbo mzima, tena na makofi.

Santuri yenyewe ipo. Ameihifadhi ndani ya foronya iliyopigwa pasi. Tatizo ni jalada: lina picha ya kiongozi wa bendi na tarumbeta yake, na chini maneno mawili tu, "na waitikiaji". Tena chombo pekee kilichowahi kuipiga nyumbani kwetu kilikuwa gramafoni ya sanduku ya marehemu babu, spika moja, sindano butu kama msumari. Humo waitikiaji walisikika kama ugomvi wa nyumba ya jirani. "Hao ni watu au mbuzi?" baba alikuwa akiuliza. Sanduku likafa, utani ukabaki.

Mwaka huu magoti ya shangazi yalikataa kazi ya kusimama, akaamua kufunga duka. Ikapangwa familia nzima tukutane kwake Jumapili tumshukuru. Nilijua baba atatoa hotuba, na nilijua ataingiza nini kwenye hotuba hiyo. Nikapita dukani, nikamkuta shangazi anaifuta santuri yake kwa kitambaa laini. Hakuniangalia aliposema, "Mwanangu, mtu akichekwa sana huanza kujitilia shaka. Siku hizi hata mimi najiuliza kama kweli nilikuwepo."

Maneno hayo yalinikata maini. Nikaapa palepale, Jumapili atasikika, la sivyo niache ufundi.

Maana mimi ni fundi simu. Nachomelea vitu ambavyo wewe hata huvioni, na mkono wangu hautetemeki. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini kwa haki. Na nilikuwa na mashine ya kupigia santuri niliyoichukua kwa mtu aliyekuwa anahama, nzima kabisa, mkono wake umenyooka, ila haikuwa na kichwa. Kichwa ndicho kile kijisanduku cha mbele kinachobeba sindano na kugeuza mitikisiko ya santuri kuwa umeme. Bila hicho una sahani inayozunguka tu.

Nikaenda kwa muuza vyombo vya muziki, bwana mmoja wa maneno machache na miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Nilitegemea aniulize nina kiasi gani. Akauliza, "Unataka kumsikia nani?"

"Mtu aliyesimama nyuma," nikamjibu.

Akaipokea santuri, akaiinamisha kwenye mwanga, akaikagua kwa lenzi. "Kuta za mfereji inamopita sindano zimeliwa huku juu," akasema. "Sindano ya duara itapita palepale ilipopita ile mbaya, na utasikia majeraha tu. Tafuta ncha nyembamba, ishuke mpaka chini ambako hakujaguswa."

Akanitolea vichwa viwili. Cha kwanza ni cha kawaida, ambacho sumaku ndiyo inayocheza na koili, yaani waya uliozungushwa, imetulia. Kina nguvu, na sindano ikiisha unachomoa unaweka nyingine. Nikakipenda mara moja, sisi mafundi tunapenda kitu chenye spea. Cha pili kilikuwa cha koili inayocheza. Humo koili zenyewe, za waya mwembamba kuliko unywele, zimefungwa kwenye mkia wa sindano na zinatikisika pamoja nayo.

"Hiki ncha yake ni nyembamba, kinasikia mpaka mtu anavyovuta pumzi," akasema. "Na mkono wa mashine yako ni mzito, kitaelewana nao. Ila umeme wake ni mdogo mno. Bila hii transfoma ya kuukuza utaambulia mnong'ono. Na ukivunja sindano, mama, umevunja kichwa chote. Hakuna kuchomoa wala kuchomeka."

"Nipe hicho cha pumzi, na transfoma yake," nikasema, mdomo ukiitangulia akili.

Jumamosi nilifunga kibanda mapema, nikawasha taa yangu ya kazi nyumbani. Kosa la kwanza lilitaka kunimaliza. Nilisogeza kibano changu cha chuma, kile cha kila siku, na sumaku iliyomo ndani ya kichwa ikakivuta kutoka mkononi. Weee! Kilinasa kando kidogo tu ya sindano. Nikakitoa taratibu roho ikiwa mkononi, nikakaa chini, nikanywa maji, nikaenda kutafuta kibano cha plastiki. Nikakigeuza kichwa juu chini, sindano ikitazama dari ili niione muda wote, nikachomeka nyaya nne nikifuata mchoro: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Nikakaza skrubu, nikakinyoosha kwenye karatasi ya kupimia, nikausawazisha mkono mpaka ukaelea hewani wenyewe, ndipo nikaurudishia uzito kidogo kidogo kwa mizani ya sonara. Nikajaribu santuri yangu moja. Ikaimba! Nikajipigia makofi peke yangu.

Jumapili sebule ya shangazi ilijaa mpaka watoto wakakaa miguuni mwa watu. Nilizipanga spika zangu mbili ukutani. Baba akasimama na glasi yake. "Leo ndiyo leo! Tulieni, tumsikie msanii wetu!" Kicheko kikapita chumba kizima. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, mikono imebana mapaja.

Nikateremsha sindano. Tarumbeta zikaingia safi, zikajaa upande wa kulia. Kisha waitikiaji, kushoto. Jamani! Wanawake watatu, kila mmoja na koo lake, unasikia hata wanavyovuta pumzi kabla ya kuingia. Kicheko kikakatika. Nilivimba kichwa, nakwambia, nikamgeukia shangazi nione furaha yake.

Shangazi alikuwa amekunja uso. "Sivyo," akasema. "Hii sivyo ilivyokuwa."

Baba akapiga kofi la paja. "Si nilisema mimi? Mwenyewe kakataa! Haikuwa yeye!" Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Shangazi akainuka, magoti yake na yote, akasimama mbele ya spika. "Hebu nisikilizeni. Fundi wa kurekodi alikaa nyuma ya kioo anatutazama, hivi mnavyozitazama hizi spika. Tarumbeta zilikuwa mlangoni, mkono wake wa kushoto, maana kiongozi wao hakuacha kutoka kuvuta sigara. Sisi watatu tulikuwa dirishani, mkono wake wa kulia. Jua lilikuwa linanichoma shingo. Huyu mtoto ametuhamisha, katuweka mlangoni."

"Shangazi, santuri haihami," nikasema, na nilikuwa nimekasirika, kwa sababu aliyegusiwa kazi yake ni mimi. "Nimefunga mwenyewe, kwa mchoro."

"Basi umefunga vibaya, mwanangu."

Nikazima. Nikachomoa kichwa, nikakiweka chini ya taa, nikafungua mchoro. Mchoro unaonyesha kichwa kikiwa kimekaa kawaida, sindano chini. Mimi nilikuwa nimekigeuza juu chini, nikasahau kuugeuza na mchoro. Nyaya za kulia zilikuwa zimekaa kushoto, za kushoto kulia. Kila kitu kinaimba vizuri tu, ila pande zimebadilishana.

Hapo nikang'amua jambo.

"Baba, njoo hapa," nikasema. "Ni kweli nimekosea, nyaya hizi hapa. Sasa niambie, shangazi amejuaje? Sanduku la babu lilikuwa na spika moja, halina kushoto wala kulia. Jalada halisemi nani alisimama wapi. Hii santuri haijawahi kupigwa kwa spika mbili ndani ya ukoo huu mpaka leo. Ni nani angejua tarumbeta zilikuwa upande gani, kama si mtu aliyekuwemo chumbani?"

Baba akainama, akazitazama zile nyaya moja moja. Mimi sijawahi kuharibu kazi nikajivunia kiasi kile.

Nikabadilisha nyaya kwa kibano cha plastiki, nikarudisha kichwa mahali pake, nikateremsha sindano tena. Tarumbeta zikaingia kushoto. Wanawake wakaitikia kulia, na uso wa shangazi ukafunguka wote. Akanyoosha kidole.

"Huyo anayetangulia, kabla ya wenzake kidogo. Mmemsikia? Ndiye mimi. Nilikaripiwa kwa hilo, lakini kiongozi alisema harudii kurekodi, amechoka."

Tulimsikia. Sauti nyembamba, ya msichana, yenye haraka zake, inaingia mbele ya nyingine mbili kwa sehemu ya sekunde. Wajukuu walimtazama bibi yao kama wanamwona leo. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikujali.

Baba akaja akasimama kando ya dada yake, glasi kaiacha hukohuko. "Dada," akasema. "Miaka yote hii nimekucheka mbele ya watu. Nisamehe, dada yangu, nisamehe sana, mimi nilikuwa..."

Shangazi hakumgeukia. Alikuwa anaitazama spika ya kulia, kidevu juu.

"Utaniomba msamaha baadaye," akamwambia. "Sasa hivi nyamaza. Naimba."