Wagonjwa Sita na Nyundo ya Mtani

Kioo cha kompyuta ya zamani kikivunjwa shingo hakilii kama sahani. Kinavuta pumzi. Fyuuu, fupi, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi bila kutarajia, halafu kimya. Niliisikia mara ya kwanza kwenye yadi ya chuma chakavu kule Nguvumali, nilipotumwa na Mama kuuza sufuria lililotoboka, na mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Mwenye yadi alikuwa na nyundo mkononi. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu au zaidi kidogo, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa Tanga kukata mkonge akasahau kurudi. Mbele yake palikuwa na ile skrini nzito yenye mgongo mrefu nyuma, ambayo kwetu tunaiita chogo. Alikuwa ameivunja apate shaba iliyozungushiwa shingoni.

"Umeisikia?" akaniuliza. "Humo ndani hamna hewa kabisa. Nikiipiga ndiyo inavuta pumzi yake ya kwanza."

"Na ya mwisho," nikasema.

"Na ya mwisho. Sasa mbona unalia?"

Sikuwa nalia. Macho yangu tu hayana subira, yamezaliwa hivyo.

Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Moa, Wadigo. Akaiweka nyundo chini, akapiga makofi kama mtu aliyeokota kitu.

"Mtani wangu! Ndiyo maana! Wadigo mmezoea kulilia nazi, leo mnalilia vyuma?"

Basi hapo ikawa imeanza. Mnyamwezi na Mdigo ni watani. Wanatukanana mchana kutwa, wananyang'anyana vitu hata msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Nikamjibu kwamba wao kazi yao ni kubeba tu, walianza na meno ya tembo, sasa wamefikia masufuria. Alicheka mpaka akakaa. Kwa lile sufuria sikuchukua hela. Nilichukua chogo la pili, lililokuwa likisubiri zamu yake, pamoja na sanduku lake la kompyuta, nikarudi nalo nyumbani kwa bajaji.

"Nilikutuma ukauze," Mama akasema, "ukaenda kununua?"

Huo ndio ukawa mwanzo wa wodi yangu.

Shule yangu iliishia kidato cha nne, na cheti changu hakipendi kuonyeshwa wageni. Nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi. Kompyuta nilijifunzia kwenye simu yenye ufa, kwa kutazama video za wazungu wanaofufua mashine za kale. Kiingereza chao kinanipita mbio, lakini mikono yao naielewa vizuri. Wao wana dawa za kupulizia, taa za kuangazia, meza nyeupe kama za hospitali. Mimi nilikuwa na mswaki uliostaafu, spiriti, raba ya kufutia penseli, ndimu za Mama na bati la jirani la kuanikia. Kibodi zilizogeuka rangi ya chai nilizipaka ile dawa ya saluni ya kugeuza nywele kuwa za dhahabu, nikaziweka juani, zikarudi nyeupe. Msusi aliyeniuzia aliuliza nasukwa lini.

Na mtani wangu tulielewana kilo kwa kilo. Nazunguka mtaani nakusanya pasi zilizokufa, vipande vya nondo, makopo. Nampelekea, anapima, nami nachukua mashine ya uzito ule ule. Moja ilikuja na lori kutoka milima ya Amani, imeota kuvu ya kijani mpaka ndani kama jiwe la mtoni. Nyingine ilikuwa na stika ya msikiti ubavuni na kidonda cha kutu mgongoni, maana chumvi ya upepo wetu haimsamehe mtu. Zilipofika sita, chumba cha uani kikawa kimejaa. Nilikuwa nazipangusa kila jioni na kuziuliza hali. Nilikuwa na ndoto, nayo bado ninayo, kwamba siku moja nitakuwa na chumba chenye dirisha kubwa, watoto wa shule waingie bure wazibonyeze, waone zilizotangulia kabla ya simu zao.

Ndoto haikulipishwa kodi mpaka Bibi alipopata mtoto wa jicho.

Bibi ni mama yake Mama. Anaishi Moa, na ilibidi aje mjini atibiwe jicho, akae kwetu hadi apone. Chumba cha kumpa kilikuwa kimoja tu, kile cha uani. Mama akaniita Jumatatu asubuhi, akakaa kabisa kitandani kwangu. Mama akikaa hivyo ujue si maongezi, ni hukumu.

"Bibi yako anakuja Jumamosi. Hivyo vyuma vyako vinarudi vilikotoka, nimeshamwambia mzee wa yadi aje na guta lake la kubebea mizigo."

"Mama, si vyuma. Ni wagonjwa."

"Mwaka mzima wagonjwa, hajapona hata mmoja?" Akaniangalia, nadhani akaona macho yangu yanaanza ule ujinga wao, akalegeza. "Basi sikia. Kimoja tu kiwake, nikione mimi kwa macho yangu, hicho kitabaki, tutakitafutia pembe. Vingine viende. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Sita, nyundo inawasubiri, na mimi nina siku tano za kumwokoa mmoja.

Nilimchagua yule wa kwanza, wa lile sufuria, kwa sababu ugonjwa wake niliuona kwa macho. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imevuja juu ya bodi, imeacha ukoko wa kijani. Ndimu inaula ukoko ule. Jumanne nilimaliza ndimu zote za nyumbani, nikasugua kwa mswaki, nikasuuza kwa maji yaliyochemshwa, nikaianika bodi juu ya bati. Lakini vile vijiti viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi wanaviita ramu, sikuviamini na unyevu wa Tanga. Nikakumbuka simu iliyoingia maji hufukiwa kwenye mchele. Nikavifukia jikoni kwenye ndoo ya mchele wa Mbeya, chini kabisa, nikaenda kazini na moyo mweupe.

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu, wala simsingizii mwingine.

Ijumaa mchana narudi, naikuta nyumba imetulia vibaya. Mama yuko na ungo mapajani, ameshika kijiti kimoja kwa ncha za vidole kama ameshika tandu.

"Njoo hapa. Hii nayo imelimwa Mbeya?"

"Mama, hiyo ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani?"

"Ya kompyuta."

"Basi iikumbuke siku ya leo." Akanyoosha kidole kuelekea jikoni. "Maana mwenzake yuko kwenye wali."

Kweli alikuwemo. Wali wa nazi, sufuria zima, umeiva na kunukia, na katikati ya mvuke kijiti changu kimelala kama samaki wa kukaanga. Mama aliumwaga wote shimoni. Tulikula mihogo ya kuchemsha siku ile, na kila alipotafuna alikuwa ananiangalia. Kilichopikwa hakikupona. Kikabaki kimoja.

Jumamosi asubuhi nilimfunga mgonjwa wangu vizuri, nikachomeka waya, nikabonyeza. Tiiit, tiiit, tiiit, milio mirefu isiyokoma. Kwa lugha yao maana yake ni: sina kumbukumbu. Nikazima, nikachomoa kijiti, nikafuta meno yake kwa spiriti, nikarudisha. Tiiit, tiiit, tiiit. Nilikuwa katika kurudia mara ya nane au ya tisa niliposikia magurudumu ya guta uani.

"Hodi kwa Wadigo! Nimekuja kuzika!"

"Karibu," Mama akaitikia. "Anzia na vya mlangoni."

Mtani alipakia mmoja baada ya mwingine. Yule wa Amani, yule wa stika. Wa tano alipopandishwa, nikajua zamu imefika, nikakumbatia sanduku langu kama mtoto anayechomwa sindano. Chogo la mgonjwa wangu mtani alikuwa amelitanguliza nje, karibu na guta. Akasimama mlangoni akijikuna kichwa.

"Mtani, usinifanyie hivyo. Mimi nimeitwa tu."

Ndipo bajaji ikasimama, akashuka Bibi na mfuko wake, jicho moja jeupe kama maziwa, jingine kali kwa kazi ya mawili. Hakusalimia. Akalitazama guta, akanitazama mimi.

"Nani huyu anayehamisha mali ya mjukuu wangu?"

"Mama, karibu kwanza," Mama yangu akasema. "Ni mzee wa chuma chakavu tu. Mnyamwezi wa hapo chini."

"Mnyamwezi?"

Nimemjua Bibi maisha yangu yote, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Ulichangamka kama wa bibi harusi. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye guta, akaichukua nyundo, akaisokomeza kwenye fundo la kanga yake kiunoni, kisha akaketi juu ya chogo langu, miguu mbele.

"Nyundo nimeiteka. Guta nimeliteka. Na wewe mwenyewe ningekuteka, ila sijaona faida yako."

Mtani akavua kofia, akapiga goti pale pale mchangani.

"Shikamoo, mtani. Nijikomboe kwa kitu gani?"

"Marahaba. Kwenu mna nini cha kunipa zaidi ya michembe, vile viazi vyenu vilivyokaushwa?"

"Michembe ipo. Meno ya kuitafunia unayo?"

Bibi alicheka mpaka nikahofia chogo litapasuka chini yake. Mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Sijui alikuwa anacheka au anaona aibu, nadhani vyote.

"Haya, mjukuu wangu," Bibi akanigeukia. "Huyu ni mateka wangu. Nimdai nini?"

Kila kitu, nilitaka kusema. Avirudishe vyote. Ulimi ulikuwa umeshafika. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni, na tulikuwa tumeelewana, na Bibi mwenyewe alihitaji pa kulala. Na yule mzee alikuwa amesukuma guta juani kwa ajili ya mkate wake.

"Mdai asubiri," nikasema. "Muda wa chai moja tu."

"Umesikia? Fidia yako ni kukaa. Mnyamwezi kukaa bila kubeba chochote, hiyo ni adhabu tosha."

Akakaa, akapewa chai, akalalamika kuwa ina nazi. Haikuwa na nazi. Chogo likarudishwa ndani. Mimi nikapiga magoti mbele ya sanduku, watu watatu mgongoni. Nikachukua raba ya penseli, nikayasugua yale meno ya dhahabu taratibu, kama unavyomfuta mtoto makamasi bila kumwamsha. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini sikulifanya mapema: nikakihamisha kijiti kwenye tundu la pili, ambalo ndimu haikuligusa kwa sababu halikuwahi kuugua. Nikabonyeza.

Tit.

Mara moja tu. Chogo likaanza kuvuma, nywele za mkono wangu zikasimama kulielekea, na picha ikaja polepole, hafifu kwanza kisha buluu kabisa. Mtani alikuwa amesahau kikombe mdomoni.

"Inafanya nini?" Mama akauliza hatimaye.

Nikatafuta haraka kitu cha maana. Wenyewe wa zamani walikuwa wamefuta kila kitu, wakaacha kimoja.

"Inacheza karata, Mama."

"Karata!" Mama akasema kwa sauti ya mtu aliyemwaga wali mzima kwa ajili ya karata.

"Karata?" Bibi naye akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Nipisheni. Huku naziona, zina ukubwa wa haja."

Mama aliitazama ile skrini, akamtazama mama yake aliyekwisha vuta kigoda. "Nilisema kimoja," akasema. "Kimoja kimewaka. Neno langu ni lile lile." Na langu pia lilikuwa lile lile. Nikatoka, nikamsaidia mtani kukaza kamba juu ya wale watano. Bibi alirudisha nyundo bila kuondoa jicho kwenye karata.

"Mtani," yule mzee akaniambia kwa chini, kwa mara ya kwanza bila mzaha, "navunja Jumatatu. Kesho niko kanisani. Geti huwa sifungi kufuli, nakaza waya tu." Akasukuma guta lake akaondoka.

Jumapili Bibi aliamka na kompyuta. Nilimwacha akiituhumu kwamba imemficha mzungu wa nne, yule mfalme wa karata, makusudi, nikatia bisibisi mfukoni, nikaenda Nguvumali peke yangu. Waya wa geti ulikuwa umezungushwa mara moja tu. Wale watano walikuwa wamepangwa kivulini, hawakurundikwa.

Nilianza kuwafungua skrubu moja moja, kwa upole, bila kugonga. Shaba nikaiweka upande wake, bati upande wake, bodi upande wake, ili kesho pasiwe na sababu ya kumpiga nyundo mgonjwa yeyote. Jasho lilinitoka, kidole kikakwaruzika, wimbo wa kwaya ukawa unanifikia kutoka mbali na kukatika.

Sanduku la tano nilipolifungua ubavu, nikaona mayai mawili ya mjusi, madogo, meupe, yamegandia kwenye fremu ya feni. Nikalegeza skrubu nne za feni ile, nikaitoa nzima na mayai yake bila kuyagusa, nikaenda nayo hadi kwenye ukuta wa tofali ulio nyuma ya yadi, upande usiopigwa jua. Palikuwa na ufa unaotosha. Nikaiingiza humo, upande wa mayai ukielekea ndani, nikaikaza kwa kijiwe isianguke kabla hayajaanguliwa.