Shahada ya Profesa Hajulikani

Mke wangu ni mkutubi wa chuo, na wanafunzi wamembandika jina: Bi Nani-Kasema. Mimi ndiye ninayekula naye meza moja, kwa hiyo nawaelewa. Ukimwambia mchele wa duka la chini ni mzuri kuliko wa duka la juu, anaweka kijiko. Nani kasema? Mwenye duka? Ulitegemea aseme wake mbovu? Jamani, mtu umeshinda kutwa unatengeneza friji za watu, unataka kula tu!

Kila Jumatano saa nne ana kipindi chake. Anawafundisha vijana kuhoji kitabu kama wanavyomhoji mgeni aliyekuja kuposa dada yao: ameandika nani, lini, anamwandikia nani, na mbona wenzake hawasemi hivyo? Vijana husinzia. Ameking'ang'ania kipindi hicho miaka ishirini na mbili, na mwaka huu Mkuu wa chuo akataka kukifuta, chumba kiwekwe viti vibovu.

"Nionyeshe mwanafunzi mmoja," Mkuu alimwambia mbele ya walimu wote. "Mmoja tu, ambaye kipindi chako kimemfaa. Nikimwona, sikifuti."

Siku hiyo alirudi nyumbani asiniulize swali hata moja. Niliogopa.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Maktabani kuna vijitabu vya zamani vilivyong'oka majalada: kimoja cha kufuga nyuki, kimoja cha kujenga madaraja, kimoja cha uzazi. Mke wangu alipoanza kazi alivipigia kadi kwa taipureta, na palipotakiwa mwandishi akaandika: hajulikani. Basi wanafunzi wakaanza. "Kwa mujibu wa Hajulikani, nyuki..." "Hajulikani anasisitiza kwamba daraja..." Walimu nao, na haraka zao, wakatia alama za vyema. Miaka ikapita, Hajulikani akawa msomi anayenukuliwa kuliko wote pale chuoni. Mkuu alistaajabu: nyuki, madaraja, wajawazito, kichwa kimoja! Akatangaza kumtunuku shahada ya heshima. Mke wangu aliandika barua tatu kumweleza. Alijibiwa kwamba wivu haumfai mtu mzima.

Siku ya sherehe nilikwenda ukumbini kumpelekea miwani yake, alikuwa ameisahau. Mlangoni nikamkuta mama wa mapokezi na orodha yake.

"Jina, mzee?"

"Mimi hapa sijulikani, mama. Niachie dakika moja tu."

Akashika mdomo. "Sijulikani! Kumbe ndiye wewe!"

Eti Hajulikani akijitaja mwenyewe atasemaje, kama si "sijulikani"? Kabla sijafumba mdomo nimeshavalishwa joho, nimeketi jukwaani ubavuni mwa Mkuu, miwani ya mke wangu mfukoni. Nikapewa kipaza sauti. Mke wangu nilimwona kule nyuma kabisa, mkono kwenye paji la uso.

"Jamani, mimi ni fundi friji," nikasema.

Makofi! Unyenyekevu ulioje!

"Mmekosea mtu, wallahi."

Watu mia tatu wakainama wakaandika: Mmekosea mtu (Hajulikani). Nikanyamaza, labda watachoka. Wakaandika kwamba nimenyamaza.

Niliona aibu, lakini uchungu ulizidi, na si wa nafsi yangu. Yule mwanamke alikuwa anawatazama watu aliowafundisha mwaka hadi mwaka, wote kalamu mkononi, wanaandika upuuzi wa mumewe. Na Mkuu anatabasamu. Nilitamani kulia.

Ndipo akasimama binti mmoja wa mstari wa tatu, mwembamba.

"Samahani. Yule wa nyuki anasema ukurasa wa sita kwamba anaandika mwaka wa ukame mkubwa. Nimeutafuta huo mwaka. Ni miaka tisini na tatu iliyopita. Huyu baba hata sitini hajafika."

"Hamsini na nne!" nikadakia, nusura nimkumbatie.

"Na kadi nimeiona," akaendelea. "Ni herufi ndogo. Si jina la mtu. Maana yake mwandishi hajulikani."

Mkuu akasimama, mshipa wa shingo umemtoka.

"Nani kakufundisha utovu huu wa adabu?"

Binti akageuka, akanyoosha kidole nyuma, kwa mke wangu. Walimu walioisikia ile ahadi wakamgeukia Mkuu, wote kwa pamoja. Akatafuta pa kutazama, hakupaona.

"Kipindi kinabaki," akasema kwa tabu.

Nilipiga kigelegele, mwanamume mzima na joho langu. Sijali.

Lakini yule binti hakuketi. Alikuwa bado anamtazama mke wangu.

"Na wewe, mwalimu. Uliandika hajulikani. Ulimtafuta ukamkosa, au hukumtafuta?"

Loo! Nilishika kiti. Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini, na muulizaji siku zote ni yeye. Machozi yakamtoka, na huku anacheka.

"Sikumtafuta, mwanangu," akasema. "Niliona jalada halipo, nikaona uvivu. Jumatano saa nne, njoo tuanze na huyo wa nyuki."