Mwaka wa Pili wa Irisi

Wenzake chuoni, alikokuwa msimamizi wa bustani, walimwita Mama Majani. Tangu aziokoe irisi, maua ya mwitu, kutoka bondeni, siku moja kabla bonde halijafukiwa kwa kifusi, tuta lake lilikuwa limetoa majani matupu, marefu na membamba kama panga.

"Mama Majani, mboga hiyo inaiva lini?" dereva wa chuo alimtania.

"Ikiiva nitakupikia wewe. Bila chumvi."

Alijua anachofanya. Alizipanda penye jua la nusu siku, karibu na mfereji wa paa, pale udongo unaposhika unyevu bila maji kutuama. Samadi mbichi hakuzitia hata konzi. Shina la kila irisi, nono kama tangawizi, alililaza juujuu, mgongo uone jua. "Ukilizika kama muhogo litaoza," alimfundisha mdogo wake. "Na ukilihamisha hununa. Miaka miwili halikupi ua. Wa tatu ndipo linasamehe."

Huyo mdogo alikuwa tumbo moja naye, kitinda mimba wa mama yao. Kazi pale alitafutiwa na dada. Hata kushika mkasi alifundishwa na dada.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni, mkuu wa chuo akaja na ramani ya maegesho ya magari, akasimama kando ya tuta.

"Hizi zinachanua kweli?"

Dada alikuwa anafuta mikono ajibu, mdogo wake akamtangulia. "Mwaka wa pili huu, mkuu. Hatujaona ua hata moja."

Dada akangoja amalizie. Hakumalizia.

"Mwakani, mkuu..." dada akaanza.

"Mwakani haiishi, mama," mkuu alisema, akachora mstari kwenye ramani, juu ya tuta.

Jumatatu tangazo likabandikwa: bustani imepata msimamizi mpya, mdogo wake.

"Sikusema uongo, dada."

"Hukusema. Ukweli umeukata katikati, ukampa mkuu kipande kinachokufaa."

"Nilisahau hayo mengine. Mambo yako ya maua ni mengi."

Dada akataka kumwamini. Binadamu husahau, na damu ni nzito kuliko maji. Alijiambia hivyo mpaka siku ya kung'oa irisi, mdogo wake alipokuja na jembe kumsaidia.

Mdogo akang'oa shina la kwanza bila kulijeruhi. Akapunguza majani, akabakiza shubiri moja. Akakung'uta udongo, akalilaza kwenye gunia bichi, mgongo juu. Hakuuliza lolote. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

Dada akasimama akiitazama mikono ile, aliyoifundisha mwenyewe.

"Weka jembe chini," alisema.

"Dada, mashina ni mengi, hutayamaliza."

"Weka chini, msimamizi."

Akang'oa yaliyobaki peke yake mpaka kengele ya kutoka ikalia. Nyumbani kwake ua ulikuwa mkavu, changarawe tupu, na hakujua atayalaza wapi. Akajitwika gunia. Mdogo wake alimshikia geti. Dada akapita bila kugeuza shingo.